Kabla ucheke mzee aliyeuza shamba Kitengela

Kuna stori kila mtu Kitengela anaijua. Mzee wa Kimaasai aliuza shamba lote, akanunua gari, gari likakufa, pesa ikaisha. Wasee hucheka. Mimi stori hiyo imenichosha, kwa sababu inaanzia mwisho.

Anza 1968. Mwaka huo Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za kikundi: ardhi ya wafugaji iandikwe kwa jina la kikundi, kikundi kikope, kifuge kisasa. Ranchi ya Kitengela ilikuwa na zaidi ya hekta 18,000 na wanachama 214. Ndiyo, 214 tu. Waliosajiliwa walikuwa hasa wanaume, wakuu wa familia. Mama na vijana walikuwa wanaishi hapo, lakini kwa daftari hawapo.

1988 ranchi ikagawanywa. Ukipiga hesabu, ni wastani wa ekari 200 hivi kwa kila jina. Unasema ni nyingi, si ndiyo? Lakini ng'ombe wa nchi kavu anaishi kwa kuhama. Mvua ikikosa hapa, unampeleka kule ilikonyesha. Ukikata nchi vipande na kila mtu aweke fensi, kipande chako kikikauka huna pa kwenda. Ukame wa 2000 na ule wa 2009 uliwakuta watu wakiwa na hati mkononi na mizoga bomani.

Huku nako, kuanzia 1990, serikali ilileta EPZ pale Athi River. Viwanda vikaja, wafanyakazi wakatafuta nyumba karibu, na karibu ni Kitengela. Bei ya ploti ikapanda. Sasa jiweke kwa viatu vya akala vya huyo mzee: ng'ombe wanakufa, shule inataka karo, na broka amesimama kwa geti na keshi. Wewe ungefanya aje?

Mwaka 2000 ulianza mpango mwingine, kusini mwa Mbuga ya Nairobi. Wenye ardhi walilipwa kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze, wasiweke fensi, wanyama wapite. Malipo yalikuja mara tatu kwa mwaka, wakati wa karo. Poa sana. Lakini ekari 200 ni dola 800 mwaka mzima. Broka analeta zaidi ya hiyo kwa siku moja.

Matokeo tunayaona. Sensa ya 1989 ilihesabu watu 258,659 Kajiado. Ya 2019 ikahesabu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake 154,436. Wengi ni wapangaji kama mimi. Aliyebakisha kipande akajenga fleti anakula kodi. Aliyeuza yote, watoto wake wanatafuta kibarua kwa ardhi iliyokuwa yao, na hakuna aliyewauliza kabla ya kuuza.

Kwangu hapo ndipo uchungu uko. Waliotia sahihi ni wachache, waliopoteza ni wengi.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilifuta ile ya 1968, na sasa mwanamke na kijana mtu mzima wana haki ya kuwa kwenye daftari. Kwa hivyo kama kwenu bado kuna ardhi ya jamii, usingoje mpimaji afike. Nenda ulize leo: jina la mama liko? Lako je?