Tux, nembo iliyoshindwa kura

Wadau, hapa Nyamarambe tunataka kupigia kura nembo mpya ya programu yetu huria. Kabla hatujapiga, tukumbuke Linux.

Linus Torvalds, aliyewahi kudonolewa na pengwini huko Canberra, alitaka pengwini mnene, ameshiba, ameketi. Mwaka 1996 Larry Ewing akamchora kwa GIMP, nayo programu huria. Yakafanyika mashindano matatu ya nembo. Tux hakushinda hata moja! Lakini Ewing aliruhusu yeyote amtumie na kumbadilisha, mradi atajwe yeye na GIMP. Basi akaenea, kama kiboko wa mawe wa jirani zetu wachongaji wa Tabaka: mmoja akichonga, mwingine anaiga.

Mwaka 2009 toleo la 2.6.29 lilimpisha mnyama wa Tasmania aliyekuwa akiangamizwa na ugonjwa. Baadaye pengwini akarudi.