Karani, Majini na Manyani wa Adili

Wasifu wa Shaaban Robert aghalabu huandikwa kana kwamba mtu huyu alizaliwa akashika kalamu ya utenzi na hakuiweka chini hata siku moja. Ukweli ni kwamba alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akaitumikia Pangani na kwingineko hadi 1944. Akapelekwa Longido, katikati ya Umasai, kwenye idara ya mifugo. Akarejea Tanga mwaka 1946. Akamalizia katika ofisi ya upimaji ardhi mwaka 1960. Miaka 34 ya madaftari na mihuri, na uhamisho usiomuuliza mtu rai yake.

Katika maisha hayo ndipo alipoandika hekaya ya mapenzi na majini, Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952.

Hadithi za aina hiyo hazikuwa ngeni pwani. Edward Steere alizikusanya Unguja, akazichapisha mwaka 1870, na aliokuta wakizisimulia hawakuzifunza kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Alfu Lela Ulela ikatoka kwa Kiswahili katika tafsiri ya Edwin Brenn na Frederick Johnson. Tayari lilikuwapo gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na idara ya elimu mwaka 1923, ambamo makarani na walimu waliotawanywa katika maboma na shule walijibizana kwa mashairi. Gazeti lilikuwa la serikali, lakini kurasa zile za mashairi zilikuwa barza. Mtumishi aliyenyamaza mezani mchana kutwa aliweza kujulikana humo, na wenzake wa wilaya ya mbali, kwa kile hasa alichokipenda. Shaaban Robert ni mmoja wa waliojulikana humo.

Kisa cha Adili kimejengwa juu ya mfupa wa Alfu Lela: liwali wa Basra ambaye kila usiku huwachapa mbwa wawili. Shaaban Robert aliwageuza mbwa kuwa manyani, Basra ikawa Janibu, khalifa akawa Mfalme Rai wa Ughaibu. Jambo moja hakulibadili, na karani yeyote angelitambua: siri inafichuliwa na mtumishi mwenzake. Ikibali amekuja Janibu kwa kazi ya kodi. Usiku anamwona mwenyeji wake akiwachapa manyani, akilia, kisha akiwalisha. Anarudi na kodi, na anarudi na habari. Liwali aliyekuwa hodari wa hesabu analazimika kusimulia mbele ya mfalme yale ambayo hesabu haiyaonyeshi: safari, mji uliogeuka mawe, Mwelekevu aliyesalia hai peke yake, pendo lililowatia wivu nduguze hata wakamtosa baharini, na jini Huria aliyemwokoa.

Mwisho ndio aliouvunja. Katika Alfu Lela ndugu wale hawaponi husuda yao. Wanajaribu kumuua liwali, nao wanauawa. Kwa Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu wanatubu na kurudishiwa utu wao. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa ni mahubiri. Lakini mahubiri yangetosheka na kitanzi. Kuwarudisha mezani watu waliokutosa ni kazi ngumu zaidi, na hapo ndipo hekaya inapoacha kuwa tafsiri.

Kitabu kilisomwa shuleni hata bara. Longido na Mbulu enzi hizo zilikuwa katika Jimbo moja la Kaskazini, na huko Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu, lugha ya nyumbani ni Kiiraqw, isiyo na udugu na Kiswahili. Kiswahili kilipanda na boma, duka na shule. Yamkini msomaji wa huko alikwama kwenye msamiati wa Tanga. Kwa Huria hakuwa na haja ya kukwama. Wairaqw wana neetlaangw, viumbe wasioonekana wakaao katika chemchemi na mito. Wana slufay, maneno ya dua na ushairi ambayo mzee huyatoa na waliohudhuria wakayaitikia. Aliyekulia katika kuitikia hivyo alijua tayari kwamba msimulizi hasimulii peke yake, na kwamba maji yana wenyewe.