Askofu Elphinstone na Chuo cha Kaskazini

Tarehe 9 Septemba 1513, Mfalme James wa Nne wa Uskoti aliuawa vitani Flodden, ndani ya ardhi ya Uingereza, akiwa na wakuu wengi wa nchi yake. Aliuawa pia mwanawe Alexander Stewart, Askofu Mkuu wa St Andrews. Katika baraza la mfalme alikuwamo mzee wa miaka themanini na ushei aliyeipinga vita hiyo, lakini hakusikilizwa. Mzee huyo ni William Elphinstone, Askofu wa Aberdeen.

Alizaliwa mwaka 1431, na baba yake alikuwa padri. Kwa sheria ya Kanisa, mtoto wa padri hakuweza kupewa daraja takatifu bila ruhusa maalumu, na ruhusa hiyo ilibidi iombwe kwanza. Alisoma Glasgow, kisha akaenda Ufaransa kusomea sheria, Paris na Orléans. Aliporejea akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1474, kisha hakimu wa mahakama za Kanisa na mjumbe wa mfalme katika nchi za nje. Mwaka 1483 akapewa jimbo la Aberdeen. Alikuwa Kansela wa James wa Tatu kwa miezi michache mwaka 1488, hadi mfalme huyo alipouawa katika uasi. Utawala mpya ulimweka kando kidogo tu, kwani wanasheria wa kiwango chake walikuwa wachache. Tangu mwaka 1492 hadi alipokufa yeye ndiye aliyetunza Muhuri wa Siri wa mfalme.

Kazi iliyomgusa moyo hasa ilikuwa elimu. Maombi yaliyopelekwa Roma yalieleza kuwa kaskazini mwa Uskoti kumetengwa na ghuba za bahari na milima mirefu, na kwamba hata watu wa kuhubiri na kutoa sakramenti walikuwa shida kupatikana. Februari 1495 Papa Alexander wa Sita akaidhinisha chuo kikuu Aberdeen. Uskoti, nchi ndogo na maskini, ikawa na vyuo vikuu vitatu wakati Uingereza ilikuwa na viwili. Elphinstone alimwita Hector Boece kutoka Paris aje kukiongoza. Akaweka pia mwalimu wa tiba mwenye posho yake, jambo ambalo Oxford na Cambridge zilikuwa bado hazijalifanya. Mwaka 1496, bunge lililazimisha mabwana wenye ardhi kuwapeleka shule wana wao wa kwanza tangu umri wa miaka minane au tisa, wajue Kilatini vizuri, kisha wasome sheria. Aliyekaidi alitozwa faini ya pauni 20. Wanahistoria wengi wanaona mkono wa askofu katika sheria hiyo, nami naafikiana nao, maana hakuna aliyejua kama yeye madhara ya hakimu asiyejua sheria.

Halafu kuna vitabu. Mapadri wa Uskoti walizoea kusali kwa vitabu vya Salisbury, vya Uingereza. Mwaka 1507 mfalme aliwapa Walter Chepman na Androw Myllar kibali cha kupiga chapa Edinburgh, na uchapaji ukaanza Uskoti. Miaka mitatu baadaye ikatoka Breviari ya Aberdeen, kitabu cha sala za mapadri, juzuu mbili, ambamo Elphinstone alikusanya habari za watakatifu wa Uskoti, kina Ninian, Kentigern na Machar. Taifa lilipata kumbukumbu yake katika maandishi yake lenyewe.

Baada ya Flodden, alipendekezwa kuwa Askofu Mkuu wa St Andrews. Hakuwahi kukikalia kiti hicho. Alifariki Edinburgh tarehe 25 Oktoba 1514, akazikwa mbele ya altare ya kanisa la chuo chake. Daraja la mto Dee alilolipangia fedha lilikamilishwa na Askofu Gavin Dunbar mwaka 1527, na baada ya matengenezo ya karne zilizofuata bado linapitisha magari. Kwa hesabu yangu, hakuna askofu mwingine wa Uskoti wa zama hizo aliyeiachia nchi yake mengi kuliko yeye.