Kusimamishwa Upya kwa Kuta za Thimlich Ohinga

Maboma ya mawe yametapakaa kaunti za Migori na Homa Bay, na hili la Thimlich Ohinga ndilo kubwa lililohifadhika vizuri kuliko yote. Lilijengwa yapata karne ya 16. Kuta zake, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, hazina saruji wala udongo: ni nyuso mbili za mawe yasiyochongwa, katikati vijiwe vya kujazia. Milango ni mifupi, imefunikwa kwa mawe marefu. Adui alilazimika kuinama ili aingie. Mimea na mifugo viliangusha sehemu za kuta. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yamezipanga upya kwa ufundi uleule wa kale, na ndivyo ilivyostahili. UNESCO iliorodhesha eneo hili kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Tafadhali usipande ukutani.