Ukarabati wa madirisha ya mbao

Ukarabati wa madirisha ya mbao ni kazi ya kurekebisha fremu, bawaba na vioo bila kung'oa dirisha zima. Huko Olasiti, kata iliyo magharibi mwa Jiji la Arusha, mvua za masika (Machi hadi Mei) hufuatwa na kiangazi: mbao hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kupasuka. Kuoza mara nyingi huanzia kwenye ukingo wa chini wa fremu, maji yanapotuama. Mchwa nao hufikia mbao kwa kupitia ukutani.

Fundi hudunga mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, hapo pameoza. Sehemu hiyo hukatwa hadi kufikia mbao nzima, na kipande kikavu cha aina ileile, mninga kwa mninga, hupachikwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, nyuzi zikielekea upande mmoja. Anayeziba shimo kwa puti pekee anaficha ugonjwa. Rangi ya mafuta hupakwa mbao zikiwa kavu kabisa, hivyo masika si wakati wa kuanza. Rangi ya zamani huenda ina risasi: itumike msasa wa maji, vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali.

Wengi huweka madirisha ya aluminiamu badala ya kukarabati. Ni haraka kweli, lakini mninga uliokomaa ni ghali kuurudisha, na mbao nzima haistahili kutupwa kwa sababu ya ukingo mmoja uliooza. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, unathaminiwa pia kwa milango na madirisha yake ya mbao.