Protoni na Eksirei katika Tiba ya Saratani: Ulinganisho Uliochukua Miongo Minane

Mwaka 1946 mwanafizikia Robert Wilson, aliyekuwa ametoka katika mradi wa bomu la atomiki huko Los Alamos, alichapisha makala fupi katika jarida la kitabibu la Marekani. Hoja yake ilikuwa wazi. Eksirei humwaga nishati tangu inapoingia mwilini hadi inapotokea upande wa pili, hivyo tishu nzima zilizo nyuma ya uvimbe nazo hudhurika. Protoni huachilia sehemu kubwa ya nishati yake mwishoni mwa safari, kisha husimama. Kasi yake ikipangwa vyema, husimama ndani ya uvimbe.

Fizikia hiyo haikupingwa. Kilichokosekana ni kujua uvimbe ulipo hasa. Wagonjwa wa kwanza, waliotibiwa Berkeley kuanzia 1954, walielekezewa protoni kwenye tezi ya pituitari, ambayo mahali pake palijulikana kwa alama za mifupa ya fuvu. Kwingineko mwilini, chembe inayosimama kabla ya kuufikia uvimbe ni hatari kuliko mnururisho unaopitiliza. Ilibidi kungoja picha za CT za miaka ya 1970. Na hospitali ya kwanza Marekani kuwa na kituo chake cha protoni, Loma Linda, ilikifungua mwaka 1990.

Picha hizohizo, hata hivyo, ziliifaa eksirei pia. Kufikia miaka ya 1990 kompyuta zilikwisha kuiwezesha kufuata umbo la uvimbe kwa namna ambayo Wilson hakuijua. Protoni ikajikuta inashindana na mpinzani mwingine kabisa. Jaribio la Marekani kuhusu saratani ya tezi dume, lililotangaza matokeo mwaka 2024, halikuona tofauti katika hali ya utumbo ya wagonjwa miaka miwili baada ya tiba.

Tahadhari ilikuwapo tangu awali. Robert Stone alianza kutibu kwa nyutroni huko Berkeley mwaka 1938. Vivimbe vilinywea, lakini miaka kadhaa baadaye madhara yalijitokeza kwa waliopona, naye mwenyewe akashauri mwaka 1948 tiba hiyo iachwe.

Kwa watoto hesabu ni nyingine. Uti wa mgongo unapotibiwa kwa eksirei, mnururisho hupenya hadi moyoni na tumboni mwa mwili ambao bado unakua. Protoni husimama kabla ya kufika huko. Hapo madaktari wengi wanasita hata kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu ili kupima tofauti.