Bunduki ya Roosevelt Iliyopita Mombasa: Vile Utajua Shotigani ya Zamani ya Marekani ni Mali ama ni Chuma Tu

Ukimaliza kuzunguka Fort Jesus, hapo kando kuna Mombasa Club, imekuwa hapo tangu 1897. Wengi wetu tunaipita tu tukitafuta pa kupiga picha na bahari. Sasa skia hii. Tarehe 21 Aprili 1909, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa kutoka kwa meli ya Kijerumani inaitwa Admiral. Jioni hiyo akakaribishwa chakula hapo club. Kesho yake akapanda treni ya bara, akakalishwa kwa benchi mbele kabisa ya injini ndio acheki wanyama vizuri.

Kwa mizigo yake kulikuwa na shotigani moja ya mitutu miwili iliyolazwa kando kwa kando. Alikuwa amepewa zawadi na Ansley H. Fox, mtengenezaji wa bunduki wa Philadelphia. Miaka 101 baadaye, mwaka wa 2010, hiyo shotigani ikapigwa mnada Marekani ikaenda kwa dola 862,500. Piga hesabu na dola ya siku hizi, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 100.

Sasa hapa ndio kuna maneno. Kampuni hiyo hiyo ya Fox ilitengeneza bunduki ya bei ya mwananchi inaitwa Sterlingworth. Leo huko Marekani ukipata iliyo sawa, mara nyingi inacheza kama dola elfu moja hivi. Kampuni ni moja na umri unakaribiana, lakini bei imepishana mara mia nane. Kwa nini?

Ni muhimu ujue, kwa sababu hadithi za "bunduki ya mzungu" Pwani haziishi. Labda babu alifanya kazi na wawindaji kabla uwindaji upigwe marufuku Kenya mwaka wa 1977, na kuna kitu kimefungwa kwa gunia juu ya kabati. Labda kuna msee amekuvuta kando Kibokoni akakuambia ana dili ya mali ya kale. Kabla utoe hata shilingi, soma hii mpaka mwisho.

Kwanza kabisa: sheria

Wacha tuanze na ile kitu inaweza kukuweka ndani. Kenya, bunduki inasimamiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Ndio umiliki unahitaji cheti, na vyeti viko chini ya Bodi ya Leseni za Bunduki. Shotigani ya 1910 inayoweza kupiga risasi ni bunduki kama ile ya jana. Kumwambia afande "hii ni pambo la ukutani" hakutakuokoa.

Cheti pia hakirithiwi kama shamba. Ni cha yule aliyepewa. Kwa hivyo kama mzee amefariki na kuna bunduki nyumbani, usiibebe kwa begi uingie nayo tuktuk ukisema unaipeleka stesheni. Iache pale ilipo, funga mlango, watoto wasikaribie, kisha nenda ama upige simu polisi uwaambie umeipata wapi, halafu wakuelekeze. Kama mna jamaa anayetaka kubaki nayo, aanze safari ya cheti kabla aishike.

Kuna lingine wauzaji wa vitu vya kale Mji wa Kale wanalijua sana. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa ama kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa mali ya kale. Kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Hiyo inagusa magobore, majambia na mengine mengi, hata kama hayalipuki tena.

Na msee akikuambia "tuma kwanza kidogo kwa simu, nikuletee Fox usiku," hiyo haina mjadala. Aidha unaibiwa, aidha unaingizwa kwa kesi. Toka hapo.

Majina ya kujua

Marekani ilikuwa na kampuni kadhaa za hizi bunduki kati ya miaka ya 1870 na Vita vya Pili vya Dunia. Parker Brothers walikuwa Meriden, Connecticut, na hao ndio wakusanyaji wengi wanawapigia saluti. L.C. Smith ilianzia Syracuse, New York, kisha ikahamia Fulton. Lefever pia ni wa Syracuse. Ithaca ilibeba jina la mji wake. Fox ni Philadelphia. Winchester walikuja kuchelewa na Modeli 21 mwaka wa 1931.

Kila kampuni ilikuwa na madaraja. Chini kabisa kwa Parker kuna Trojan, isiyo na urembo. Ukipanda unapata zilizochongwa ndege na maua kwa mkono. Daraja likipanda, bei inaruka. Geji nayo inahesabika. Geji 12 maana yake ni hivi: chukua risasi ya mviringo inayojaa mtutu, ukiwa na 12 za aina hiyo unapata uzito wa ratili moja, kama gramu 454. Kwa hivyo namba ikipanda, tundu linakuwa dogo. Geji 12 ziko mob. Geji 28 ni chache, ndio maana ni ghali.

Vitu sita ambavyo mjuzi huangalia

Hapa tunaongea kuhusu ukaguzi mbele ya mwenye cheti ama fundi mwenye leseni. Na kabla ya lolote, bunduki inafunguliwa kuhakikisha haina kitu ndani. Kila bunduki ihesabu ina risasi mpaka uone mwenyewe kwa macho.

*1. Namba.* Namba ya bunduki huandikwa mahali kadhaa: kwa mitutu, kwa mwili wa chuma, na kwa kile kipande cha mbele cha mbao. Zikikosa kufanana, hiyo ni bunduki ya kuungwaungwa, kama gari la injini ya kwingine.

*2. Mitutu imetengenezwa na nini.* Ukiona michoro kama mawimbi ama ngozi ya nyoka kwa chuma, hiyo ni Damaski: vipande vya chuma na chuma cha pua vilivyosokotwa pamoja vikachomelewa. Inapendeza vibaya sana. Lakini ilikuwa ya zama za baruti nyeusi, na kutu inaweza kuwa imejificha kwa maungio mahali jicho halifiki. Hiyo ni ya kuangalia, si ya kupiga. Na ujue michoro kama hiyo wakati mwingine ilipakwa tu juu ya chuma cha kawaida.

*3. Urefu wa chumba cha risasi.* Hapa ndio watu hupoteza vidole. Shotigani nyingi za zamani za geji 12 zilichongwa chumba cha milimita 67 hivi. Risasi ya leo ya kawaida ni ya 70. Shida ni kwamba risasi ya leo inaingia bila kusumbua, kwa sababu kichwa chake kimekunjwa. Ukifyatua, kile kichwa kinafunguka na hakina nafasi, presha inapanda kwa chuma cha miaka mia. Fundi hupima chumba, hupima pia unene wa ukuta wa mtutu, kwa maana kuna waliokwangua ndani kutoa kutu mpaka ukabaki mwembamba.

*4. Sauti.* Mitutu ikitolewa, inaning'inizwa kwa kidole na kugongwa polepole kwa kitu cha mbao. Ikiwa sawa, inalia kama kengele. Ikilia kama mtungi wenye ufa, maungio kati ya mitutu yameachia. Angalia mdomo pia. Mitutu ya kiwandani inakutana pale mbele. Ukiona pengo katikati, kuna mtu aliikata kwa msumeno, na hapo thamani ilikatwa nayo.

*5. Kukaza.* Ikifungwa isichezecheze. Ile wenzo ya juu ya kufungulia, kwa bunduki nyingi za Marekani, ikiwa mpya inasimama kulia kidogo ya katikati. Inavyotumika inasogea kushoto. Ikishapita katikati sana, imechoka.

*6. Mbao na ngozi yake.* Ufa kwa mbao nyuma ya chuma ni kitu cha kawaida, hasa kwa L.C. Smith, kwa sababu ya vile mbao ilichongwa kupokea kufuli za pembeni. Halafu cheki maandishi. Yakiwa yamefifia na kona zimekuwa za mviringo, kuna mtu aliipiga msasa na kuipaka upya.

Kung'aa si mali

Hiyo ya mwisho ndio inawachanganya watu, wacha tuikazie. Sisi tumezoea kitu kikipigwa rangi kinapanda bei. Kwa vitu vya kale ni kinyume. Bunduki mpya ilitoka kiwandani na rangi kama mawingu ya buluu na kahawia kwa mwili wake, rangi iliyopatikana kwa moto. Hiyo rangi ikiisha, imeisha. Mkusanyaji anataka mabaki yake halisi hata kama ni robo, kuliko mng'aro wa jana. Fundi mwenye nia njema na msasa wake anaweza kukula nusu ya thamani kwa mchana mmoja.

Ukiwa na kitu cha mzee, iwe bunduki yenye cheti, saa ya ukutani ama sanduku la njumu, usikisugue ndio "kipendeze kabla mnunuzi aje". Kifute vumbi na kitambaa kikavu, basi.

Kwa hivyo Roosevelt alilipiwa nini?

Turudi kwa ile Fox. Kweli ilikuwa ya daraja la juu, FE, imechongwa kwa ajili yake. Lakini urembo peke yake haukuifikisha 862,500. Ilichofanya ni kuwa na ushahidi wa njia yake yote: nani aliitengeneza, nani alipewa, lini, na ilipita mikono ya nani. Roosevelt mwenyewe aliiandikia kampuni kuisifu, na kampuni ikazitumia sifa hizo kwa matangazo. Safari yenyewe iliandikwa kila siku.

Kumbukumbu nyingi za viwanda kama Parker na L.C. Smith bado zipo Marekani. Ukiwa na namba ya bunduki, unalipa ada unaandikiwa barua: ilitoka kiwandani mwaka gani, daraja gani, mitutu ya urefu gani. Barua ikisema inchi 30 na mkononi kuna 26, umepata jibu lako bila kugombana na mtu.

Bila karatasi, "hii ilikuwa ya Roosevelt" ni maneno ya barazani. Yanaenda vizuri na kahawa tungu, lakini hayalipiwi.

Kama unapenda tu historia

Huhitaji cheti kuangalia. Nenda Fort Jesus ucheki mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ulitoka kwa meli ya Waingereza, Pegasus, na mwingine kwa meli ya Wajerumani, Königsberg. Königsberg iliizamisha Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, na yenyewe ikaishia mto Rufiji mwaka uliofuata. Maadui wawili sasa wanaota jua pamoja Mombasa. Ni chuma tu, kama hakuna aliyeandika kilikotoka. Kwa sababu kiliandikwa, ni historia.

Kwa hivyo ukipewa hadithi ya kitu cha kale mahali popote kisiwani, uliza maswali matatu. Namba zinafanana? Imeguswa na msasa? Karatasi iko wapi? Na kama kitu chenyewe ni bunduki, la nne liwe la kwanza: cheti kiko kwa jina la nani? Ukiona mtu anakasirika kwa sababu umeuliza, mshukuru kwa muda wake, shika njia ya Ndia Kuu uende zako. Umeokoa doo, na pengine umeokoa mkono.